Kama Mwambambe Angeshinda

Hotuba kwa wazee, walimu na wanafunzi wa historia, mjini Iringa

Kamwene!

Kamwene sana. Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliojibanza karibu na mlango ili mtoke mapema bila kuonekana: nawaona.

Nijitambulishe kwanza, maana leo kabila langu lina kazi. Mimi ni Msangu. Nimezaliwa kule Mbarali, nikaja Iringa kusoma, nikaoa hapa, nikafundisha hapa mpaka nikastaafu. Wakwe zangu ni Wahehe, kwa hiyo adabu ninayo. Lakini nitakapofika kwa Merere, mtawala wetu wa zamani, mjue nazungumzia nyumbani, na mkiona nimezidisha chumvi mnisimamishe.

Nimeombwa nijibu swali ambalo vijana huliuliza sana darasani na walimu hulipiga chenga: Uhehe ungekuwa chini ya ukoo mwingine, siyo huu wa Muyinga, je, ungeanguka vile ulivyoanguka? Ngome ya Kalenga, makao ya Mkwawa, mtawala wa Uhehe wa ukoo huo, ilitekwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa alijipiga risasi Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898. Kati ya tarehe hizo mbili nchi nzima ilichomwa, ikafukuzwa, ikakaa na njaa. Kijana ana haki ya kuuliza kama ilikuwa lazima.

Wapo wanaosema historia haina "kama". Mimi naona "kama" inafaa, ilimradi uifunge kamba kwenye mambo yaliyotokea kweli. Na sisi wa nyanda za juu kusini tuna bahati: hatuhitaji kubuni wafalme. Wapo watu wa kweli waliokalia kiti cha Uhehe kwa muda, au waliokaribia kukikalia, na walikuwa na mwelekeo tofauti na wa Mkwawa. Tunaweza kuwapima, na wa kwanza ni Mwambambe, aliyegombea kiti hicho na Mkwawa akashindwa.

Jibu langu nalitoa mapema ili wenye haraka waondoke nalo. Ukoo mwingine usingewazuia Wajerumani. Ungebadilisha orodha ya maadui wa Uhehe, na orodha hiyo, kwa maoni yangu, ilimmaliza Mkwawa zaidi ya mizinga.

Sasa tukae vizuri.

Ukoo wa Muyinga wenyewe ulitoka wapi? Wazee wenu wanasimulia juu ya mwindaji aliyeitwa Mufwimi, mtu wa kuja. Wengine wanamleta kutoka Usagara, wengine wanamvuta mpaka Uhabeshi, na hapo mimi huwa natabasamu tu na kunywa chai yangu. Mwindaji huyu alifika na nyama, akagawa, akapendwa, akampata Semududa, binti wa mtawala wa pale aliyeitwa Mwamududa. Yeye mwenyewe hakukaa kutawala. Porini ndiko kulikommaliza. Mtoto aliyezaliwa akaitwa Muyinga, akakua, akairithi nchi ya babu yake mzaa mama. Huo ndio mwanzo wa kina Mwamuyinga.

Mgeni, binti wa mwenye nchi, kisha kiti. Liwekeni hilo akilini, kwa sababu baada ya vizazi kadhaa atakuja mtu mwingine kupita mlango huohuo, na safari hii kina Mwamuyinga watamwita mnyang'anyi.

Mjukuu wa mbali wa Muyinga, Munyigumba mwana wa Kilonge, ndiye aliyeufanya Uhehe uwe Uhehe. Kabla yake palikuwa na vijitawala vingi juu ya vilima hivi, kila kimoja na mkubwa wake. Munyigumba aliviunganisha katika miaka ya 1850 na 1860, kwa mkuki na kwa ndoa, akaweka wanzagila wake kusimamia pande za nchi. Namna ya kupigana, ile ya kupanga vijana kwa vikosi na kuingia adui kwa mkuki mfupi, Wahehe waliichukua kwa Wasangu. Msiniangalie hivyo. Wasangu nao waliichukua kwa Wangoni, baada ya kupigwa nao vya kutosha. Hakuna mwenye hatimiliki hapa.

Munyigumba akafa mwaka 1879 hivi. Ufalme ulikuwa bado mchanga: wazee waliokuwa hai wakati ule waliwakumbuka watawala wao wa zamani kwa majina. Na hapo ndipo anapoingia Mwambambe Mwalunyungu.

Simulizi zinakubaliana kwamba Mwambambe hakuwa wa damu ya Muyinga. Nyingi zinaipeleka asili yake upande wa Unyamwezi, na baadhi zinasema aliingia Uhehe kama mtumwa. Lakini alikuwa shujaa, Munyigumba akampenda, akampa binti, akampa na madaraka. Mtwa, yaani mfalme, alipofumba macho, mkwe akaona kiti kiko wazi. Ndugu wa marehemu waliuawa. Mkwavinyika, kijana wa Munyigumba ambaye sisi tunamwita Mkwawa, alikimbilia Ugogo. Akarudi na watu wake, vita ikawaka, Mwambambe akarudishwa nyuma, akaenda kwa mtemi wa Kiwele kuomba nguvu, akaja tena. Wakakutana Ilundamatwe. Mwambambe hakutoka pale, na wengi waliokuja naye hawakutoka. Jina la mahali pale mnalijua maana yake, panaporundikwa vichwa, nanyi leo mnalima mahindi palipokuwa uwanja wa vita.

Haya. Tugeuze. Mwambambe ameshinda Ilundamatwe, Mkwawa ndiye aliyebaki pale chini. Nini kinafuata?

La kwanza, uhalali. Wahehe walihesabu ukoo kwa baba. Watoto wa Mwambambe wangekuwa wajukuu wa Munyigumba kwa mama, na hilo ni jambo, hasa ukikumbuka kwamba Muyinga mwenyewe alirithi kwa mama. Ningempa vizazi viwili watu wazoee. Tatizo ni kwamba hakuwa na vizazi viwili. Alikuwa na miaka kumi na miwili hivi kabla ya Wajerumani kufika. Katika muda huo wanzagila waliooa na kuoana na kina Mwamuyinga wangekuwa wanamtazama kwa jicho la pembeni, na kila mwaka wa njaa pangetokea mtoto wa Munyigumba huko Ugogo akidai chake.

Mtawala wa namna hiyo hutawala kwa kugawa. Tunaye wa kumlinganisha naye, tena jirani: Nyungu ya Mawe wa Ukimbu, kiongozi wa rugaruga, wale wapiganaji wa kukodiwa, aliyekufa mwaka 1884. Naye alikuwa mtu wa vita, naye aliijenga dola juu ya nchi ya watu wengine. Aliweka watwale aliowachagua mwenyewe, wakusanye pembe za ndovu na kumpelekea. Ilifanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani. Alipokufa binti yake Mgalula alirithi na mambo hayakuvunjika siku ileile. Kwa hiyo anayesema mgeni kama Mwambambe asingeweza kuendesha nchi, namwambia aende akasome habari za Ukimbu. Aliyepata elimu yake ya vita upande ule alikuwa na mfano wa kuiga.

La pili, bunduki. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo hoja ya Mwambambe ina nguvu.

Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe walivunja kikosi cha Mjerumani Emil von Zelewski, yule ambaye watu wa pwani walimwita Nyundo. Mnajua habari hizi tangu darasa la nne. Kinachosahaulika ni mzigo. Wapiganaji walirudi Kalenga na mamia ya bunduki za kisasa, risasi, na mizinga. Kwa miaka mitatu silaha zile zilikuwa mikononi mwa Mtwa. Siku Wajerumani waliporudi, mwaka 1894, wengi wa waliokuwa ndani ya kuta za Kalenga walipigana kwa mkuki na ngao. Bunduki zilitumika kidogo kuliko zilivyokuwepo. Vita ya mkuki ilikuwa heshima yao, ndiyo iliyoshinda Lugalo, na ni vigumu kumwambia mtu aache kile kilichomshindia.

Mwambambe, kama kweli alitoka kwenye ulimwengu wa rugaruga, alitoka mahali ambapo bunduki ilikuwa chombo cha kila siku, ambapo baruti ilinunuliwa kwa pembe na kijana alijua kuisafisha gobori yake kabla hajajua kuoa. Naamini zile bunduki za Lugalo zingegawiwa. Naamini watu wangefundishwa.

Lakini msifurahi haraka. Isike wa Unyanyembe alikuwa na bunduki. Alikuwa na ngome imara karibu na Tabora, na watu wanaojua kulenga. Mwezi Januari 1893 ofisa wa Kijerumani, Tom von Prince, aliingia ngome ile, na Isike akawasha baruti ajilipue na familia yake kuliko kukamatwa. Prince huyohuyo, Bwana Sakarani, miezi ishirini na moja baadaye alikuwa ukutani Kalenga pamoja na Gavana von Schele. Bunduki zingeongeza siku. Zingeongeza makaburi ya askari. Zaidi ya hapo sina ujasiri wa kusema.

La tatu ni majirani, na hapa naomba ruhusa ya kwenda nyumbani.

Mwaka 1857, msafiri Burton alipopita njia ya kati kwenda Ujiji, watu waliotajwa kwa hofu katika kambi za misafara walikuwa Warori. Warori ni sisi, Wasangu. Wakati ule hakuna aliyekuwa akiota ndoto mbaya kwa sababu ya Mhehe. Tulikuwa na malisho ya bonde lile la Ruaha, tulikuwa na ng'ombe, na tuliwasumbua majirani kwa bidii ambayo sijivunii. Miaka ishirini tu baadaye, mwaka 1877, Mwingereza mmoja, Elton, alipopita kwetu, alimkuta Merere amejifungia mjini mwake na Wahehe wa Munyigumba wamemzingira. Hatimaye Merere aliiacha Usangu, akapanda Usafwa, akajenga huko juu mji wa pili wa jina Utengule, kama ule wa Usangu, siyo mbali na Mbeya ya leo. Ukipita pale sasa utaona kahawa. Kwa babu zetu palikuwa uhamishoni. Ng'ombe wa tambarare waliobanwa mlimani, mjue wenyewe.

Kwa hiyo Wajerumani walipofika, walimkuta mtawala mwenye kidonda. Hawakuhitaji kumbembeleza. Merere aliwaona kama njia ya kurudi kwake, na mwaka 1896 Wasangu wakarudishwa Usangu, Utengule ya zamani. Yule aliyezingirwa hakuishi kuiona siku hiyo. Aliyerudi ni mwanawe. Kwa malipo ya hisani hiyo Wasangu waliingia katika vita ya kumsaka Mkwawa. Walijua mito yenu, walijua mapori yenu, na walikuwa na hesabu ya kulipiza. Hata kule bondeni Kilombero, mtawala Kiwanga aliwaunga mkono Wajerumani kwa sababu ya aina hiyohiyo: Mkwawa alikuwa karibu, Mjerumani alikuwa mbali.

Vijana hunieleza kwa hasira kwamba Merere alikuwa msaliti. Nawauliza: alimsaliti nani? Hapakuwa na Tanzania. Palikuwa na mtu aliyefukuzwa kwake na jirani, akapata mgeni mwenye mizinga anayemchukia jirani huyohuyo. Mkwawa mwenyewe alipoona moto unakaribia alijaribu kuwavuta majirani, akiwamo Chabruma wa Wangoni. Haikuwezekana. Vita ya miaka ya nyuma na Wangoni ilikuwa bado mbichi. Utani tunaotaniana nao leo kwenye misiba ulilipwa kwa damu kwanza.

Sasa rudini kwa Mwambambe aliyeshinda. Je, angemrudisha Merere Usangu? Nimelifikiria hili kwa miaka mingi kuliko mke wangu anavyopenda. Mtawala asiye na damu ya kifalme, anayeogopa watoto wa Munyigumba walioko Ugogo, anahitaji rafiki mgongoni. Merere, adui wa Munyigumba, angekuwa rafiki wa bure. Bei yake ilikuwa bonde ambalo Wahehe walilitumia kwa uvamizi zaidi kuliko kwa makazi. Ningekuwa Mwambambe, ningelitoa.

Na hapo ramani inabadilika. Mwaka 1894 von Schele anakuja na hakuna Msangu anayemngoja upande wa magharibi. Mwaka 1896 Prince anajenga boma lake hapa Iringa na hana jirani mwenye kidonda wa kumtuma porini. Vita ya msituni, iliyodumu karibu miaka minne baada ya Kalenga kuanguka hata kwa uadui wote ule, ingekuwa vita ya namna nyingine kabisa.

Lakini subirini, maana hapa ndipo hoja inapogeuka na kuniuma mwenyewe. Katika ramani hiyo mpya, nani yuko Ugogo, amepoteza nchi, ana hasira, anatafuta mwenye nguvu wa kumrudisha nyumbani? Mkwawa, kama alitoka hai. Kama hakutoka hai, basi ndugu zake. Wajerumani wakifika Mpwapwa na kujenga kituo, kama walivyofanya kweli, watu wa kwanza kuwapigia hodi wangekuwa kina Mwamuyinga. Wangekuja na zawadi. Wangewaonyesha njia ya kwenda Kalenga. Na leo katika ukumbi huu tungekuwa na mzee wa Kihehe amesimama hapa anaeleza kwa nini babu zake hawakuwa wasaliti.

Merere rafiki wa Wajerumani alitengenezwa na Munyigumba. Merere kabla hajafukuzwa, mwenye nguvu zake, angewapiga Wajerumani vilevile kama Mkwawa alivyowapiga, na kwa sababu zilezile. Mtawala mwenye nguvu alikuwa na ng'ombe wa kuchukua, misafara ya kutoza, wapiganaji wa kulisha. Bendera ya Kijerumani ilikuja kuyakataza yote hayo. Mwaka 1892, mwaka mmoja baada ya Lugalo, Wahehe waliishambulia ngome ya Wajerumani karibu na Kilosa. Wapo wanaouona huo kuwa ukaidi wa Mkwawa. Mimi nauona kuwa hesabu: dola iliyoishi kwa mapato ya vita haikuweza kulala miaka mitatu. Sotoka ilikuwa imekwisha kupita katika nchi na kufyeka ng'ombe. Lugalo kwenyewe kuliondoka na wapiganaji wazoefu wengi, na hilo huwa halisemwi kwenye sherehe. Ukimweka Mwambambe kwenye kiti hicho, sotoka inakuja vilevile, vijana wanadai ng'ombe vilevile.

Na Nyundo naye? Von Zelewski alipoingia Uhehe mwaka 1891 alichoma vijiji njiani. Simulizi za hapa zinasema wajumbe wa Mkwawa waliotumwa na zawadi walipigwa risasi. Mtu wa namna hiyo hakuulizia ukoo.

Mniruhusu niguse jaribio moja ambalo halihitaji "kama" yoyote, kwa sababu lilifanyika. Mwishoni mwa mwaka 1896 Wajerumani walichoka kumtafuta Mkwawa, wakaamua kumweka mtawala mwingine. Walimchukua Mpangile, ndugu yake, wakamsimika. Walikuwa na akili ya kutosha kujua kwamba mtu wa nje asingefuatwa, kwa hiyo walitafuta mtu wa nyumba ileile. Mpangile alidumu takribani miezi miwili. Mwezi Februari 1897 walimnyonga, kwa tuhuma kwamba chini kwa chini alikuwa akimsaidia kaka yake.

Kama tuhuma zilikuwa kweli, sijui tumwite shujaa au tumwite mtu aliyekwama. Kinachonivuta ni hali yenyewe. Akiwasaidia Wajerumani, Wahehe hawamsikii. Akimsaidia Mkwawa, Wajerumani wanamwua. Akikaa kimya, pande zote mbili zinamshuku. Hakuna ukoo ambao ungemtoa mtu hapo. Baada yake Wajerumani hawakujaribu tena kuweka Mtwa mmoja wa Uhehe yote. Waliigawa nchi kwa wakubwa wadogo, na watoto wa Mkwawa wakapelekwa mbali. Zawadi ya rupia 5,000 ikatangazwa kwa kichwa cha baba yao.

Mnaona basi kwamba tukibadilisha ukoo, kuanguka kunabaki palepale. Kinachobadilika ni nani anabaki na nini baada ya kuanguka, na hapa mimi nahitilafiana na wenzangu wengi wanaosema haikuleta tofauti yoyote.

Tazameni kilichotokea. Mwaka 1905 Maji Maji ilipolipuka, majirani zenu Wabena wa Mbeyela waliingia vitani, Wangoni waliingia. Wahehe hawakuingia. Nchi iliyokuwa imepigana miaka saba mfululizo haikuwa na hamu ya maji wala ya risasi. Kwa Mwambambe, aliyeangushwa mapema, huenda ingekuwa kinyume: Uhehe uliosalimu amri bila kuchoka mwaka 1894 ungekuwa na hasira mbichi na vijana wa kutosha mwaka 1905. Na mnajua Ungoni kulitokea nini baada ya Maji Maji. Ningewaombea Wahehe hiyo? Hapana.

Kisha kuna suala la kichwa. Wajerumani walikichukua. Mwaka 1919 Waingereza wakalitia jambo hilo katika Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246: Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Halikurudi ndani ya miezi sita, wala ndani ya miaka thelathini. Lakini fikirini maana yake kisiasa. Ukoo uliopigwa marufuku na Wajerumani ulikuwa umeandikwa kwa jina katika mkataba uliofunga vita kuu ya dunia. Merere hakuandikwa. Nyungu ya Mawe hakuandikwa. Mwaka 1926 Waingereza walipotafuta wa kumweka juu ya Uhehe chini ya utawala wao wa kupitia machifu, walimrudisha Sapi, mwana wa Mkwawa. Baada ya Sapi akaja mwanawe, Adam Sapi. Tarehe 19 Juni 1954 Gavana Twining alikabidhi fuvu Kalenga mbele ya Chifu Adam, na mwaka 1962 Chifu Adam akawa Spika wa Bunge la Tanganyika, akaendelea kukikalia kiti cha Spika, kwa kukatishwa miaka michache tu, mpaka 1994.

Ukoo wa Mwambambe usingepata hayo. Wajerumani wangemwangusha au wangemnunua, na Mwingereza akija mwaka 1926 kutafuta "chifu halali" angekuta wazee wanamwambia kwamba halali ni wale wa Muyinga, walioko Ugogo. Kina Mwambambe wangekuwa familia moja kati ya familia. Kwa hiyo ajabu yake ni hii: kilichookoa ukoo wa Muyinga ni kushindwa vibaya. Walipigana mpaka hapakuwa na kitu, na hicho ndicho Waingereza na baadaye Tanganyika yenyewe walichokitaka: jina la mtu asiyeinama.

Sisi Wasangu tuliinama, tukarudishiwa bonde. Mpaka leo tunalima mpunga humo. Kina Merere waliendelea na uchifu wao kimya kimya mpaka mwaka 1963 serikali ilipofuta machifu wote, wa aliyeinama na wa asiyeinama, kwa sheria moja. Mtu akiniuliza ni kipi bora, jina au bonde, huwa namuuliza kwanza ana watoto wangapi.

Nimeulizwa pale nje kabla sijaingia, na mzee mmoja ambaye simtaji, kama moyoni ningependa Mwambambe angeshinda. Mzee, nimekuahidi jibu. Kama Msangu, ndiyo. Merere angerudi nyumbani miaka kumi na zaidi mapema, bila kumbeba Mjerumani mgongoni. Kama mwalimu wa historia, hapana, kwa sababu ningekosa kazi: Waswahili wa pwani, Wajerumani, Waingereza na wazee wa Kalenga wasingekuwa wameandika na kusimulia nusu ya haya. Na kama mkwe wa Wahehe, swali hilo silijibu mbele ya shemeji zangu waliokaa safu ya pili.

Jambo la mwisho, na hili ni ombi. Karibu yote niliyosema juu ya Mwambambe yametoka kwa walioshinda Ilundamatwe. Yeye hakuacha mjukuu wa kumsemea kwa gavana. Lakini watu aliokuja nao kutoka Kiwele hawakufa wote, na wanzagila waliomuunga mkono walikuwa na familia. Huko Idodi, huko Pawaga, huko mpakani na Ukimbu, naamini zipo nyumba ambamo habari hii husimuliwa kwa namna nyingine, kwa sauti ya chini, mkwe akiwa hayupo. Walimu, wapeni wanafunzi wenu kazi hiyo likizo hii. Waende na daftari na simu ya kurekodia, waombe ruhusa kwa wazee, waulize Mwambambe alikuwa nani kwao na alitaka kufanya nini na nchi. Mimi nitakuwepo hapa nje, chini ya mti, mpaka chakula kiishe. Mwenye neno juu ya Mwambambe Mwalunyungu, hata kama ni jina la mtoto wake mmoja tu, aje tukae.

Asanteni sana. Kamwene.